Sikukuu Iliyoangukia Msimu wa Kupanda

Ukitaka kuelewa kwa nini watu wa Mbulu na Hanang hukopa kila Desemba, usianzie dukani. Anzia kwenye mvua. Huku kwetu mvua hushika Novemba na Desemba, na wiki zile zile ambazo kwaya zinafanya mazoezi ya nyimbo za Noeli ndizo wiki za kutafuta mbegu, kulipa trekta au plau la ng'ombe, na kuwahi kupanda. Mahindi yaliyovunwa Julai na Agosti yameshapungua ghalani. Fedha ya alizeti na vitunguu saumu imeshakwenda kwenye mabati, matibabu na michango. Januari shule zinafungua. Katikati ya hayo yote imekaa tarehe 25 Desemba, siku ambayo kila mzazi anataka mtoto wake avae nguo mpya na ale wali kwa nyama.

Nayasema haya kama binti wa mwenye duka. Nilizaliwa Dongobesh, nikaolewa Katesh, na kwa miaka mingi nimekuwa mweka hazina wa kikoba cha akina mama wa mtaani kwetu. Baba alipofariki alituachia sanduku la bati lenye kaunta buku zake za madeni, nami nimezisoma mara nyingi kuliko kitabu kingine chochote isipokuwa Biblia. Kutokana na hizo kaunta buku, na niliyoyasikia kwa bibi yangu, nimefikia kuamini kwamba historia ya Krismasi huku kwetu ni historia ya watu kuhangaika kuziba pengo lililopo kati ya mwezi wa kuvuna na mwezi wa kusherehekea.

Zamani pengo hilo halikuwepo. Kwetu sisi Wairaqw sherehe ilifuata ghala. Mtama ukishaingia ndani, pombe ya mtama ilipikwa, wazee wakabariki, watu wakaalikana kunywa na kusaidiana kazi. Utajiri ulikuwa ng'ombe, na mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka wote kwenye zizi lake. Aliwagawa kwa marafiki na ndugu wa mbali, huyu mmoja, yule wawili. Aliyepokea alikamua maziwa na kutumia samadi, na mwenye mali alibaki kuwa mwenye mali. Ugonjwa au ukame ukipiga bonde moja, walionusurika walikuwa bonde jingine. Majirani zetu Wadatoga nao walikuwa na njia zao za kukopeshana mifugo. Deni, basi, lilikuwepo tangu zamani, na lilikuwa refu, pengine la maisha, lakini halikuwa na tarehe ya kudaiwa wala riba ya mwezi. Sisemi maisha yalikuwa rahisi. Sotoka ya miaka ya 1890 iliteketeza mifugo Afrika Mashariki nzima, na njaa iliyofuata bibi yangu aliisikia kwa wakubwa wake kama habari ya jana. Ninachosema ni kwamba hakuna aliyelazimika kufanya karamu wakati ghala linaelekea kuisha.

Krismasi ililetwa na misheni. Wamisionari wa Afrika, wale Mapadre Weupe, walifika milima ya Mbulu mwanzoni mwa karne ya 20, wakati wa Wajerumani. Baadaye Wapalotini kutoka Ireland waliichukua kazi hiyo. Mwaka 1943 Mbulu ikawa eneo la kitume linalojitegemea, na mwaka 1953 likawa jimbo kamili chini ya Askofu Patrick Winters. Upande wa Walutheri, Wanorwe walijenga hospitali ya Haydom, ambayo ilianza kupokea wagonjwa mwaka 1955, na makanisa yakaenea kuizunguka. Bibi alinisimulia kwamba Krismasi zake za kwanza hazikuwa na gharama ya kutisha. Watu walitembea kutoka mbali hadi misheni, wakalala huko, kila familia na chakula chake: maharage, mahindi, kibuyu cha maziwa. Baada ya Misa walicheza, wakarudi shambani kupanda. Kilichogharimu fedha kilikuwa kitu kimoja, nguo. Hukuweza kwenda kupokea Sakramenti na ngozi mgongoni. Kwa hiyo, tangu mwanzo kabisa, Krismasi ya huku iliingia nyumbani kupitia kitambaa.

Na kitambaa kilikuwa dukani kwa Mhindi, Mwarabu au Msomali, na dukani palitaka fedha. Fedha yenyewe watu walishaijua kwa uchungu kupitia kodi: kwanza rupia za Wajerumani, kisha shilingi za Waingereza tangu miaka ya 1920. Mtu aliuza dume ili alipe kodi, na kilichobaki ndicho kilichonunua kaniki, chumvi na blanketi.

Kuna jambo moja la enzi hizo ambalo wengi wamelisahau. Serikali ya Tanganyika chini ya Waingereza ilitunga sheria ya kuzuia mikopo kwa wenyeji. Mfanyabiashara asiye Mwafrika akimpa Mwafrika mali kwa mkopo bila idhini ya afisa wa serikali, hakuweza kumshtaki mahakamani kudai chake. Ilisemekana ni kumlinda mwenyeji asinyonywe. Matokeo yake mawili yalidumu kuliko sheria yenyewe. Mwafrika aliyetaka kufungua duka hakupata mtaji wa mkopo kwa njia iliyo wazi. Na mkopo wa kawaida ukageuka kuwa jambo la uso kwa uso, la kuaminiana au la kuweka rehani: mkufu, redio, baiskeli. Hadi baba anafungua duka lake, miaka michache baada ya uhuru, desturi ilikuwa hiyo hiyo. Hakuna karatasi ya mkataba. Kuna jina, kuna kijiji, na kuna neno la mtu.

Kaunta buku zake zina majalada magumu meusi yenye mgongo mwekundu, na zimenyonya harufu ya mafuta ya taa. Kila mdaiwa ana ukurasa. Kushoto tarehe, katikati mali, kulia bei, na pembeni kabisa, kwa penseli, neno moja tu: mavuno. Hiyo ndiyo tarehe ya kulipa. Ukifungua kurasa za Novemba utaona mistari miwili mitatu, chumvi, sabuni ya mche, kiberiti. Ukifika katikati ya Desemba mistari inajazana: yadi za kitambaa cha gauni, kanga pea moja, raba za mtoto, kilo za mchele, sukari, majani ya chai, hamira. Baada ya tarehe 26 ukurasa unakuwa mweupe mpaka Februari. Kisha, mwezi wa nane, wino mwekundu unapita juu ya mistari yote, na chini yake baba ameandika kilicholetwa: fedha kiasi fulani, au maharage debe mbili, au kondoo mmoja. Alikuwa akipandisha bei kidogo kwa anayekopa kuliko anayelipa taslimu. Hakuongeza kitu hata kama mtu alilipa Septemba badala ya Julai.

Nilikuwa nasimama nyuma ya kaunta nikiwa mdogo, nikimsikiliza. Mama mmoja wa kijiji cha jirani aliingia, akasalimia, akazunguka kwa maneno mengi ya mvua na watoto kabla hajalitaja lililomleta. Baba alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamuuliza, "Mama, msimu huu umelima ekari ngapi?" Alipima kitambaa kulingana na jibu. Aliyelima ekari moja hakupewa kanga, hata angelia. Alipewa kitambaa cha watoto na sukari. Nilimwona baba mkali wakati ule. Leo naona alikuwa anafanya kazi ambayo afisa mikopo wa siku hizi, mwenye kompyuta na tai, mara nyingi haifanyi: alimkopesha mtu kulingana na shamba lake.

Mwaka 1976 ilikuja Operesheni Maduka. Maduka ya watu binafsi vijijini yalitakiwa kuyapisha maduka ya vijiji vya ujamaa na ushirika. Baba alifunga, kama wengine. Serikali ililegeza jambo hilo muda si mrefu, kwa sababu maduka ya vijiji hayakuwa tayari kubeba mzigo wote, naye akafungua tena akiwa na rafu nusu tupu. Kisha vikaja vita vya Kagera, na baada ya vita, uhaba. Mali ilipitia Kampuni ya Biashara ya Mkoa, na Mbulu na Hanang wakati huo tulikuwa sehemu ya Mkoa wa Arusha. Mpaka mgao upite Arusha mjini na kupanda milima hadi kwetu, kilichofika kilikuwa kidogo. Watu walikaa foleni ya sukari tangu alfajiri.

Hapa ndipo kaunta buku zinaponishangaza. Desemba za 1981, 1982 na 1983 karibu hazina madeni. Mtu angedhani watu walikuwa wametajirika. Ukweli ni kwamba hapakuwa na cha kukopa. Na katika miaka hiyo mama zetu walibuni jambo ambalo mpaka leo nalifuata: nguo ya Krismasi ikawa sare ya shule. Kitambaa cha sare ndicho kilichopatikana kwa urahisi zaidi, maana shule zilipewa mgao. Fundi cherehani alishona sketi ya bluu na blauzi nyeupe mapema Desemba, ikavaliwa kanisani tarehe 25 ikiwa na mikunjo ya pasi ya mkaa, na Januari ikaenda darasani. Siku ya Noeli uliona kanisa zima limejaa wanafunzi. Hakuna mtoto aliyeonewa haya, kwa sababu wote walikuwa hivyo. Gharama mbili zilifanywa moja.

Mwaka 1983 ulikuwa wa msako wa wahujumu uchumi, na baba alilala na risiti zake chini ya mto. Bajeti ya 1984 ikafungua milango ya kuagiza mali kutoka nje. Mitumba ikajaa minadani, redio za betri, viatu vya plastiki, na mchele kutoka mbali. Na kuanzia Desemba ya 1985 kaunta buku inanenepa tena, inapita hata miaka ya zamani.

Upande wa Hanang mambo yalikuwa na sura yake. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa msaada wa Kanada, serikali kupitia shirika lake la NAFCO ilifungua mashamba makubwa ya ngano katika tambarare za Basotu, ambayo mwishowe yalifika mashamba saba na ekari zipatazo 100,000. Wabarbaig, ambao ni Wadatoga, walinyang'anywa malisho yao bora, na waliopeleka kilio chao mahakamani walihangaika miaka mingi. Siwezi kuitaja ngano ya Hanang bila kulitaja hilo, maana chapati za Krismasi zilizotuzoesha unga mweupe zilitoka kwenye ardhi ya watu. Ila mashamba yalileta pia kitu kigeni, mshahara. Dereva wa kombaini au mlinzi wa ghala alikopa dukani Desemba akalipa mwisho wa mwezi. Mkulima wa Endasak alikopa siku ile ile, mali ile ile, akalipa baada ya miezi minane. Wote wawili walivaa vizuri kanisani. Mmoja alikuwa na deni la siku kumi, mwingine alikuwa ameuza sehemu ya mavuno ambayo hata hayajapandwa.

Kuuza mahindi yakiwa shambani ndilo donda letu la muda mrefu, na naomba nilieleze taratibu kwa sababu wengi hawaoni kama ni mkopo. Tuseme mtu anakuja kwako Desemba anakupa shilingi 40,000 taslimu, nawe unaahidi gunia moja la mahindi Julai. Julai gunia hilo lina thamani ya 55,000 sokoni. Umeshapoteza 15,000, ingawa hakuna aliyekutajia riba. Lakini aliyekukopesha hauzi Julai. Analiweka ghalani mpaka Januari, bei inapanda kufikia labda 90,000, na mara nyingi anayekuja kulinunua ni wewe mwenyewe, kwa sababu ghala lako limeisha mapema kutokana na kulipa madeni. Baba hakukubali biashara hiyo dukani kwake. Alisema kukopa harusi kulipa matanga, lakini si lazima mwenye duka awe ndiye anayechimba kaburi.

Miaka ya karibuni sherehe zenyewe zimeongezeka. Desemba sasa ina kipaimara kwa Walutheri, ina komunio, ina harusi za vijana waliorudi kutoka Arusha na Dar es Salaam, na kila moja ina kadi ya mchango. Ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma aliyekuwa wa Wachaga, imepanda mpaka Mbulu. Kanisani kuna ahadi inayotakiwa kukamilishwa kabla ya mwaka kuisha, na bahasha yenye namba yako haisahau. Sipingi kutoa, mimi mwenyewe ni Mkristo wa kutoa. Nataka tu tukiri kwamba karibu madai yote ya mwaka tumeyarundika kwenye mwezi ambao mkulima ana fedha kidogo kuliko yote.

Ndipo yakaja mabadiliko mawili kwa pamoja, moja la kutuokoa na moja la kutuzamisha.

La kutuokoa ni vikoba. Namna hii ya kuweka na kukopeshana ilianza na wanawake wa Niger mwaka 1991 kwa msaada wa shirika la CARE, ikaenea Afrika, na katika miaka ya 2000 ikasambaa Tanzania. Kwetu ina sanduku la chuma lenye kufuli tatu na funguo kwa watu watatu tofauti, hisa kila kikao, mfuko wa jamii kwa ajili ya misiba na ugonjwa, na mgawo mwisho wa mzunguko. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavitambua vikundi hivi katika daraja la nne. Pembeni ya vikoba kuna vikundi vya nyama, ambavyo kwa maoni yangu vimefanya kazi kubwa kuliko semina zote za ujasiriamali. Watu kumi au kumi na tano wanachanga kidogo kidogo tangu baada ya mavuno. Dume linanunuliwa mnadani kabla ya Novemba, wakati bei bado haijapanda, na linachungwa na mwanachama mmoja ambaye ujira wake ni kichwa na miguu.

Alfajiri ya tarehe 24 linachinjwa. Nyama inakatwa juu ya turubai na kupangwa mafungu, na watu wanasimama kimya wakiyakagua, maana hapo ndipo ugomvi ungezaliwa. Kila fungu linapata mfupa wake, mnofu wake, kipande cha ini, kipande cha utumbo, kidogo cha mafuta. Fungu likionekana limezidi, mzee anachomoa kipande kwa ncha ya kisu na kukihamishia jingine. Kisha kijana mmoja anageuzwa uso, anaangalia upande wa barabara. Mwingine anaweka kidole juu ya fungu na kuuliza, "Hili la nani?" Yule aliyegeuka anataja jina bila kuona. Mjane anaweza kupata fungu zuri kuliko mwenyekiti, na hakuna wa kulalamika. Kufika saa tatu asubuhi kila nyumba ina nyama, na hakuna hata mmoja anayedaiwa buchani.

La kutuzamisha ni mkopo wa haraka. M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008, na mwaka 2014 ikaja huduma ya M-Pawa ya kuweka na kukopa kwa simu. Kwa dharura ya hospitali usiku ni msaada mkubwa, na nimeshuhudia. Lakini nyuma yake zimefuata programu za mikopo ambazo hazina hata leseni. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya 69 za namna hiyo. Mtaani nako kuna kausha damu, wanaokuja na fomu za kurejesha kila wiki. Benki Kuu imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wa daraja la pili, ila ninaloliona mimi kubwa kuliko riba ni hayo marejesho ya kila wiki. Mwanamke anayeuza maandazi stendi ya Katesh anaweza kuyamudu. Mwanamke anayelima mahindi Bassodesh hana wiki, ana Julai. Ukimtaka alipe kila Jumatatu kuanzia Januari, lazima akope kwingine ili akulipe. Nimewaona waliohama usiku, wakaacha mlango wazi na kuku bandani.

Kisha ikaja Desemba 3, 2023. Alfajiri ile tope, mawe na magogo vilishuka kutoka Mlima Hanang, vikapita Katesh na Gendabi, na zaidi ya watu 80 wakapoteza maisha. Krismasi ya mwaka ule hapakuwa na wa kupima kitambaa. Jamaa yetu mmoja alikuwa amejaza duka mali ya sikukuu kwa mkopo wa jumla, na lote lilifukiwa, pamoja na daftari la waliokuwa wakimdai na aliokuwa akiwadai. Wadaiwa wake walimjia mmoja mmoja baadaye, wengine wakiwa wamefiwa, wakamtajia wenyewe kiasi wanachodaiwa. Yeye naye akaenda Babati kwa muuzaji wa jumla kujieleza, akapewa muda hadi mavuno. Nilipolisikia hilo nilienda sandukuni nikatoa kaunta buku ya mwaka 1986, nikaangalia lile neno la penseli pembeni mwa ukurasa.

Mwaka uliofuata nilipeleka hoja kwenye kikoba chetu. Tulikuwa tukigawana hisa katikati ya Desemba, kama vikundi vingi, na fedha ilikuwa ikiisha kabla ya Januari: nguo, soda, nauli za wageni. Niliomba mgawo uhamie Septemba, ili mtu anunue mbegu mapema, aongeze gunia ghalani wakati bei iko chini, alipie fungu lake la nyama, na sare ishonwe kabla mafundi hawajaelemewa. Tulibishana vikao vitatu. Mwalimu mmoja, dada ninayemheshimu sana, alisimama akasema, "Mama mweka hazina, shikamoo. Mimi mshahara wangu haufuati mvua. Septemba nitaila fedha yote, Desemba nikose." Muuguzi aliyekaa karibu naye akamuunga mkono. Walikuwa na haki. Baba asingeandika "mavuno" kwenye ukurasa wa mwalimu.

Kwa hiyo sasa tuna mizunguko miwili katika sanduku moja, yenye vitabu viwili. Wenye mishahara na biashara za kila siku wanagawana Desemba 15. Wakulima tunagawana Septemba, na tangu mwaka jana anayeanza anaruhusiwa kuleta hisa ya kwanza kwa debe la mahindi au alizeti, ambalo kikundi kinalihifadhi na kuliuza bei ikipanda. Akina mama wa Endasak na Gendabi wameomba kuja kuona vitabu vyetu kabla ya mavuno ya mwaka huu. Nimewaambia waje na watu wao wanaojua kuandika, tukae siku nzima.